Les Misérables: dhamira haitafutwi kwenye neno moja

Mwalimu, nimeandika dhamira za Les Misérables ya Victor Hugo kuwa ni upendo, haki na umaskini. Zinatosha?

Hazitoshi. Maneno hayo matatu ukiyabandika kwenye riwaya yoyote yatakaa. Anayekusahihisha anataka kujua Hugo anasema nini kuhusu haki. Mimi huanzia kwenye vitu. Jean Valjean anaiba mkate ili watoto saba wa dada yake wale. Anahukumiwa miaka 5, anajaribu kutoroka mara kadhaa, na kufika 1815 anapofunguliwa ametimiza miaka 19 kifungoni. Mkononi ana hati ya njano inayomtangaza kuwa mfungwa wa zamani. Nyumba za wageni zinamfungia mlango ingawa pesa anayo. Hapo unaweza kuandika sentensi nzima: kifungo kimekwisha, adhabu bado inaendelea.

Javert, yule polisi anayemwinda Valjean, ndiye mtu mbaya wa hadithi?

Wengi hujibu ndiyo, na hupoteza alama. Javert hali rushwa. Anapodhani amemshutumu kwa uongo meya, ambaye ndiye Valjean kwa jina jingine, anakwenda mwenyewe kuomba afukuzwe kazi. Amezaliwa gerezani, akaishikilia sheria kama mtu aliyeshika gogo mtoni. Siku Valjean anapomwachia huru badala ya kumuua, gogo linamponyoka: hawezi kumkamata aliyemwokoa, na hawezi kuishi baada ya kumwacha aende. Anajitupa katika mto Seine. Ukitaka mbaya, yupo Thénardier, mwenye nyumba ya wageni aliye laghai.

Kwa nini Fantine anateseka hivyo? Nililia.

Hata mimi, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Anauza nywele, kisha meno mawili ya mbele, kisha mwili, yote kwa ajili ya fedha za matunzo ya binti yake Cosette, aliyemwacha kwa Thénardier, ambazo Thénardier anazidi kuzidai. Lakini rudi nyuma kidogo: alifukuzwa kiwanda gani? Cha Valjean, ambaye sasa ni meya mwema anayesaidia kila fukara. Msimamizi wa kike aligundua kuwa Fantine ana mtoto nje ya ndoa, akamwachisha kazi kwa jina la meya, na meya mwenyewe hana habari. Hugo angeweza kumpa kiwanda hicho tajiri katili, na sisi tukapata wa kumlaani. Hakufanya hivyo. Wema wa mtu mmoja haukuweza kumlinda mfanyakazi wake mwenyewe, kwa sababu maadili ya mji yalikuwa na meno. Kwangu hoja hii ina uzito kuliko kurasa zote za mapigano.

Dibaji fupi ya 1862 inataja mambo matatu: mwanamume anayedhalilishwa na ufukara, mwanamke anayeangushwa na njaa, mtoto anayedumazwa na giza. Walimu wengi huiruka, sijui kwa nini.

Mapigano ya mwishoni ni Mapinduzi ya 1789?

La. Ni uasi wa Juni 1832 jijini Paris, uliozuka kwenye mazishi ya Jenerali Lamarque na kuzimwa upesi.

Naweza kuruka sura za vita vya Waterloo?

Ukibanwa na muda, ruka, ila usiiache ya mwisho. Usiku, Thénardier anapora maiti za askari; afisa mmoja anazinduka, anadhani ameokolewa, na anamshukuru mwizi wake. Afisa huyo ni baba yake Marius, kijana anayempenda Cosette.