Shangazi, vidole vinawaka usiku

"Shangazi, nina miaka 41, nauza chapati na roleksi, zile chapati za kuviringishwa na mayai, hapa Busia. Daktari alisema nina baridi yabisi. Usiku vidole vinawaka, saa nane niko macho. Nameza predinisoloni ya duka la dawa kila nikimaliza chakula cha jioni, lakini wapi! Mume wangu kahamia sebuleni, anasema nageuka-geuka kama chapati zangu. Ninunue vidonge vya usingizi?" Mama Chapati

Mama Chapati, mumeo ana ulimi huyo! Tutamrudia.

Baridi yabisi haiji kwa baridi, wala hakuna jirani aliyekutupia kitu. Kinga ya mwili wako imekosea adui, inashambulia viungo vyako mwenyewe hadi vinavimba. Na uvimbe huo una saa zake: kemikali zinazouchochea huongezeka kuelekea alfajiri, ndiyo maana saa kumi na moja, unga uko kwenye beseni, ngumi haifungiki. Maumivu yanakunyima usingizi; usipolala, kesho yake mwili unayasikia makali zaidi. Vidonge vya usingizi vitafumba macho tu, moto utabaki vidoleni.

Lakini hiyo predinisoloni ya jioni, dawa ya kutuliza uvimbe, ndiyo iliyonishtua. Dawa hiyo inawanyima watu usingizi! Kwa kawaida huliwa asubuhi, pamoja na chakula. Usiiache ghafla lakini, maana mwili ukishaizoea, kuikatiza ni hatari. Mpelekee daktari pakiti yenyewe, useme umeimeza tangu lini. Muulize pia kuhusu methotreksati, dawa inayotuliza ugonjwa wenyewe. Hiyo humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na wapo walioumia kwa kuchanganya hapo. Kama bado unataka mtoto, mwambie kabla hajaiandika. Akisema uende hospitali ya Mulago, Kampala, kwa wataalamu wa viungo, tafuta nauli, nenda.

Kwa sasa, chai ya mwisho iwe mchana. Asubuhi loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kazi.

Kuhusu mume: senga, yaani shangazi, aliyenilea angemwita siku hiyohiyo. Wewe mwamshe tu alfajiri moja, kabla hujagusa maji. Ashike vifundo vya vidole vyako, asikie joto lake, ajaribu kukufungisha ngumi. Halafu mpe beseni la unga akande yeye.