Kabla ya Mashine, Angalia Kwanza Sinki Lako

Mhariri salaam. Swali lenu la wiki hii, "mtu anayetaka kupika kahawa nzuri nyumbani anunue mashine gani?", limenigusa kwenye kidonda. Mi ntajibu kama mtu aliyekosea kwanza, tena kwa hela yake mwenyewe, na mashine niliyokosea nayo bado iko juu ya kabati inanitazama kila nikiingia jikoni.

Nilikimbilia mashine ya espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayosukumwa kwa presha. Boksi limeandikwa baa 15 kwa herufi kubwa (baa ya kupimia presha jamani, siyo ile ya kwenda jioni) na pembeni yake kulikuwa na nyingine ya baa 10, sasa mi nikapiga hesabu zangu za darasa la pili, 15 si ndo nyingi, nikabeba. Kumbe espreso yenyewe inapikwa kwa baa kama 9 hivi, hizo 15 ni uwezo wa pampu ikisukuma mpaka mwisho wake, na hata zikifika zote kwenye kahawa wala siyo sifa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha namba kwenye boksi muulize maji yanapata moto kiasi gani na yanakaa kwenye moto huo huo au yanapanda na kushuka. Hapo wauzaji wengi wanaanza kuangalia simu.

Nikarudi nyumbani na pakiti ya kahawa iliyosagwa tayari, nikajaza, nikabonyeza, kahawa ikatoka mbio sekunde 8 kikombe kimejaa, na mi nimefurahi kabisa naona mashine ina nguvu. Shemeji yangu akaonja akaniangalia, "Dada, hii ni kahawa au umesuuzia kikombe?" Chachu, nyepesi, haina mwili. Nilikuja kujua baadaye kwamba espreso inatakiwa ichukue kama sekunde 25 mpaka 30 kutoka, na kinachoyachelewesha maji ni unga wenyewe, lazima uwe laini sana na ushindiliwe vizuri. Ile ya pakiti kwa kawaida imesagwa kwa ajili ya filta, ni nene, maji yanapita kama mtu anayepita njia ya mkato. Na lile povu zuri la juu nililokuwa nawaringia wageni? Mashine nyingi za bei ya chini zinakuja na kichujio chenye kitobo kimoja kidogo chini, kahawa inabanwa pale inatoka na povu hata kama umesaga vibaya. Lipo kukufurahisha macho.

Basi jibu langu la kwanza, na hili hata mkikata barua yangu naomba msilikate: ukiwa na hela ya kitu kimoja tu kizuri, kiwe kisagio. Siyo kile cha kisu kinachozunguka kama blenda, kile kinakatakata ovyo, unapata vumbi na mapande kwenye kijiko kimoja, vumbi linatoa uchungu na mapande yanatoa uchachu halafu unakaa hapo unalaumu mashine. Tafuta chenye sahani mbili za meno, za chuma au za kauri, punje inapita katikati na wewe unachagua nafasi iwe ndogo au kubwa. Cha mkono kinatosha kabisa kwa mtu mmoja au wawili, mkono utachoka kidogo lakini kahawa ikishasagwa harufu yake inaondoka haraka mno, ukisaga asubuhi ile ile unayokunywa utashangaa ni kahawa ile ile. Mi nilihama kwenye pakiti nikaanza kusaga mwenyewe, mashine sikubadilisha, na shemeji akaomba cha pili.

Sasa utauliza, kama kahawa ilitengemaa mbona mashine iko juu ya kabati? Sinki. Hiyo ndo sababu, hakuna nyingine. Kila kikombe kina mambo yake: gonga masalia, suuza kichujio, pitisha maji, futa bomba la mvuke la kupashia maziwa hapo hapo kwa kitambaa kibichi kwa sababu maziwa yakikaukia pale yanaganda kama gundi, halafu kuna kile kitreya cha chini kinachokusanya matone, ukikisahau siku nne kinaota ukungu. Jumamosi raha, unajiona fundi. Jumatatu asubuhi watoto wanatafuta soksi mi nasugua bomba la mvuke, hapana. Siwakatazi watu espreso, kuna wanaopenda ile kazi yenyewe kama wengine wanavyopenda kuosha gari, hao wanunue, ila wajue wamenunua kazi na kahawa inakuja juu yake.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta tena niliangalia vitu viwili, nani ataosha na nataka vikombe vingapi kwa mpigo. Na hapo kwenye vikombe kuwa macho maana kikombe cha kwenye boksi siyo kikombe chako. Mashine ya matone (ile ya umeme inayodondoshea maji ya moto kwenye unga, kahawa inashukia kwenye jagi) imeandikwa vikombe 12, unafikiri utalisha msiba, ukipima jagi ni kama lita 1.8, yaani kila kikombe ni mililita 150 hivi, wakati kikombe changu mi cha asubuhi kinaingia 250 bila shida. Moka, kile kibirika cha chuma cha juu ya jiko ambacho maji yakichemka yanapanda kupitia kwenye unga, ndo usiseme, moka ya vikombe 6 inatoa kama mililita 300, hao watu sita ni wa wapi? Tena moka haikubali kupikwa nusu, imetengenezwa ijazwe, kwa hiyo nunua saizi ya watu mnaokunywa kila siku, wageni watapangiwa zamu.

Mi nilipofika ni kwenye karatasi. Mnajua hii habari ya kuchuja kahawa kwa karatasi ilianzia kwa mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz, mwaka 1908, alichoka na machicha kwenye kikombe akatoboa chombo cha shaba kwa msumari akaweka ndani karatasi ya kukaushia wino ya daftari la mwanawe. Nampenda sana huyu mama kwa sababu naona kabisa ni mtu aliyekuwa anawaza mambo ya kuosha. Ukimaliza unakunja karatasi na masalia yake unatupa, koni unaisuuza sekunde tano. Inayomiminiwa kwa mkono ni koni tu ya plastiki au kauri inakaa juu ya kikombe, birika unalo tayari, hamna pampu hamna waya hamna cha kuharibika. Gramu 15 kwa mililita 250 (kwa lita ni kama gramu 60), maji yaliyochemka halafu yakatulia kidogo, kati ya nyuzi 90 na 96, mwagia kidogo kwanza unga uvimbe ukohoe hewa yake nusu dakika, halafu endelea taratibu. Mizani ndogo ya jikoni isaidie, vijiko vinadanganya. Na kuna faida moja ya pembeni, karatasi inazuia mafuta fulani ya kahawa yanayoitwa kafestoli ambayo yanapandisha kolesteroli, kwa hiyo mtu wa vikombe vingi kwa siku ambaye daktari ameshamsema afikirie hilo.

Kama nyumba ina wanywaji wengi na hakuna mwenye subira ya kusimama na birika, hapo mashine ya matone ya umeme ndo jibu na msiionee aibu. Ila chagueni inayochemsha kweli, nyingi za bei ya chini maji yanafika kwenye unga yakiwa vuguvugu kahawa inatoka butu, na zile nzuri muuzaji mwenyewe atakuwa ameandika nyuzi kwenye karatasi ya maelezo maana anajivunia. Kitu kingine, chukueni yenye jagi la kuhifadhi moto kama chupa ya chai, siyo ile ya glasi inayokaa juu ya bati la moto. Lile bati linaendelea kuipika kahawa baada ya kuiva, nusu saa tu inaanza kuwa na ladha ya kitu kilichoungua, na wanaokuja nyuma wanadhani kahawa ndo ilivyo.

Frenchi presi, lile jagi lenye wavu wa kusukuma chini, naisikia inasifiwa kila mahali kwamba ndo ya wanaoanza. Kupika rahisi kweli, unga mnene, maji, dakika 4, unasukuma chini. Lakini waliosema hivyo nani aliwaoshea? Matope yale ya chini hayataki kutoka, ukiyamwaga sinki linaziba, ukiyachota kwa kijiko yanabaki, ule wavu una tabaka tatu lazima uufungue, usipoufungua mafuta yanakaa humo na wiki ijayo kahawa inanuka uzee. Ladha yake nzito naipenda, nakunywa kwa dada yangu, anaosha yeye.

Moka ni ya jioni zangu. Ilitoka Italia mwaka 1933 kwa jina la Bialetti na mpaka leo umbo ni lile lile la pembe nane, kitu kikikaa hivyo bila kubadilishwa ujue kilikaa sawa mwanzoni. Siyo espreso, msidanganywe, presha yake ni baa moja na kidogo tu, ila ni nzito na inabeba maziwa vizuri. Maji yasipite ile valvu ya usalama ya pembeni, unga usishindilie, moto mdogo, na ikianza kukoroma uitoe haraka kabla haijaunguza. Ile ya alumini haifanyi kazi kwenye jiko la induksheni, inatakiwa ya chuma cha pua, na usiiweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo itakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Kabla hujanunua uliza kama gasketi zake za mpira zinapatikana, hizo ndo zinachoka, na moka bila gasketi ni pambo.

Kwa anayeishi peke yake au anayesafiri kuna AeroPress, kibomba cha kusukumia kahawa kwa mkono kama sindano kubwa, ya mwaka 2005, aliyeibuni ni Alan Adler ambaye kabla ya hapo alibuni pete ya kurusha inaitwa Aerobie, na inaonekana, ile ya kawaida ni plastiki tupu ukiidondosha haijali. Inaoshwa kwa kusukuma tu masalia yanaruka kama keki. Kikombe kimoja kwa wakati lakini.

Mashine za kapsuli, zile za vikopo vidogo vyenye kahawa iliyopimwa tayari, ni safi na ni za haraka, na ukishainunua umefunga ndoa na kapsuli zake. Pigeni hesabu ya kapsuli za mwaka mzima kwanza ndo muangalie bei ya mashine.

Lo, nimesahau. Yoyote ya umeme mtakayochukua, maji yenye chumvichumvi yanaacha magamba ndani, inaanza kuchelewa na kupiga kelele, watu wanasema imekufa wanatupa. Isafisheni kwa dawa yake au unga wa ndimu (asidi ya sitriki), siki pia watu wanatumia lakini someni kwanza kijitabu maana wengine wanaikataza. Ile yangu ya juu ya kabati niliisafisha hivyo mwezi uliopita ili niiuze, ikawaka vizuri kabisa, nikapika viwili mi na shemeji, vikatoka vitamu kweli, halafu nikaliangalia lile bomba la mvuke nikairudisha juu. Ipo, mwenye nafasi ya kusugua aje aichukue, kisagio kinabaki kwangu.