Jibu: Tamthilia gani ya mchana iliharibu mambo yenyewe?

Ndugu yangu, umeuliza kosa lipi liliwaudhi mashabiki kuliko yote, na kama kuna anayekumbuka tamthilia ya Port Charles. Mimi kura yangu naipa Santa Barbara, ya televisheni ya NBC ya Marekani, mwaka 1986. Mary, mtawa wa zamani aliyependwa na watazamaji, yuko juu ya paa la hoteli ya akina Capwell, familia kuu ya tamthilia hiyo, mjamzito, wanaume wawili wakigombana mbele yake. Mara herufi C, lile dude kubwa la bango la hoteli, linaanguka na kumponda. Kwisha. Mashabiki waliwaka, na penzi lake na Mason, mwana wa akina Capwell, lililokuwa tamu kweli, likafa kwa herufi! Tamthilia yenyewe ilidumu hadi Januari 1993.

Wengi watakutajia Guiding Light ya 1998, Josh alipotengenezewa kloni, yaani nakala hai, ya mkewe Reva akidhani mke kafa. Kloni ikakuzwa haraka kwa dawa, Reva halisi akarudi, kloni ikanywa dawa kupita kiasi ikazeeka na kufa. Upuuzi, ndiyo, ila Kim Zimmer aliigiza wote wawili kwa moyo, kwa hiyo mimi nilisamehe. Herufi sijaisamehe.

Port Charles naikumbuka, ya televisheni ya ABC, 1997 hadi 2003. Ilizaliwa kutoka tamthilia nyingine, General Hospital, ikiwa ya madaktari wanafunzi, ikaishia kuwa ya wanyonya damu na malaika. Wanaicheka, lakini hao wanyonya damu ndio walionifanya nisibanduke.