Barua za jikoni: lambalamba za asubuhi

Safu ya toleo hili ni ya lambalamba tu: barafu za matunda za vijiti, ambazo Unguja wengi wanaziita malai, zinazogandishwa nyumbani usiku na kuliwa asubuhi. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha. Vipimo ni vya lambalamba 6, yaani kama nusu lita ya mchanganyiko. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai mililita 5.

Nasaga tikitimaji na embe, nachuja, namimina kwenye vikombe. Asubuhi zinatoka ngumu kama jiwe. Mtoto akinyonya mara mbili tatu utamu umekwisha, inabaki barafu nyeupe. Sukari sitaki kuongeza. Nifanyeje?
*Mama wa wawili, Morogoro*

Mama, kosa liko kwenye chujio, na kidogo kwenye tikiti. Tikitimaji ni maji zaidi ya asilimia 90. Maji yakiganda hujikusanya yenyewe kwa yenyewe kuwa chembe za barafu, sukari na ladha zikasukumwa pembeni na kubaki kama sharubati nzito katikati ya chembe hizo. Sharubati ndiyo anayoinyonya mwanao. Akiimaliza, kilichobaki mkononi ni maji yaliyoganda.

Chembe zinazuiwa kukua na vitu visivyo maji: sukari, mafuta, wanga na nyuzi za tunda. Wauzaji wengi huegemea sukari kwa kuwa ni rahisi na haina kazi. Wewe unavyo hivyo vingine vitatu, na bahati nzuri ndivyo hivyo hivyo vinavyomfikisha mtoto saa nne bila kulia njaa. Unapochuja embe unatupa nyuzi, halafu unashangaa jiwe.

Jaribu hivi. Nyama ya embe gramu 250 (embe kubwa moja), ndizi kisukari mbili zilizoiva hadi ganda likaingia madoa meusi, mtindi mzito gramu 150, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ndizi ndiyo gundi ya mchanganyiko wote. Ikiwa bado changa, wanga wake haujageuka sukari na utaisikia ikikwaruza ulimi. Ndimu inazuia ndizi kuwa nyeusi. Saga dakika nzima, zima, pangusa kuta za blenda, saga tena nusu dakika. Kama embe lako lina nyuzi ndefu za kunasa menoni, lipitishe peke yake kwenye chujio la matundu makubwa huku ukilisukuma kwa mwiko. Nyuzi ndefu zibaki, uji mzito upite. Chujio la chai weka mbali.

Onja kabla ya kumimina. Ulimi uliopigwa na baridi hausikii utamu sawasawa, kwa hiyo mchanganyiko ukiwa kwenye blenda lazima uwe mtamu kidogo kuliko unavyoutaka ukishaganda. Usipofika, ongeza ndizi nyingine, au tende tatu ulizoloweka kwenye maji ya moto dakika 10 na kutoa kokwa. Tikiti kama huwezi kuliacha, lisizidi robo ya mchanganyiko.

Halafu kuna kasi. Kitu kikiganda polepole, chembe zinapata muda wa kunenepa. Weka jagi kwenye friji saa moja kwanza, mchanganyiko uingie kwenye friza ukiwa tayari wa baridi. Vikombe vikae chini kabisa vikigusa bati la friza, vimeachana kidole kimoja, na siku hiyo usiingize sufuria ya mchuzi wa moto humo.

Lambalamba zangu za nanasi na mala zilikuwa tamu nilipoonja usiku. Asubuhi ni chungu! Maziwa yalikuwa freshi kabisa.
*Msomaji, Mombasa*

Maziwa hayana hatia. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, kazi yake ni kukatakata protini, na vipande vya protini ya maziwa vikishakatwa vingine ni vichungu. Papai linafanya vivyo hivyo kwa papaini yake. Ndiyo maana juisi ya papai na maziwa iliyolala haipendezi. Wakati mchanganyiko unasubiri kuganda, saa mbili tatu nzima, kimeng'enya kiko kazini. Baridi inakipunguza mwendo tu, haikiui.

Moto ndio unaokiua. Katakata nanasi vipande vya ukubwa wa kete ya bao, weka kwenye sufuria na maji yake yenyewe, likianza kuchemka hesabu dakika 5, epua, liache lipoe kabisa ndipo uchanganye na mala. Nanasi la kopo limeshapita motoni, halina shida hiyo. Au achana na maziwa: nanasi gramu 300, tui zito la nazi mililita 150, ndizi moja. Tui lina protini kidogo sana ya kukatwa, na mafuta yake yanalainisha barafu kuliko mtindi wowote. Hii ndiyo tunayoipenda zaidi kwa nanasi, hata kuliko ya kupika.

Karakara ni kisa kingine. Halitii uchungu, ila uchachu wake unayakata maziwa freshi yakawa mabonge. Litumie na mala au mtindi, ambavyo vimeshaganda kwa uchachu wao wenyewe.

Je, mtoto wa darasa la pili anaweza kwenda shule na lambalamba mbili tu tumboni?
*Baba, Dodoma*

Za embe na mtindi tulizoeleza juu, hapana. Mbili zina kalori 115 hivi na protini gramu 3, nusu ya ile ya yai moja. Mpe na yai la kuchemsha au konzi ya karanga, hapo sawa. Ukitaka lambalamba ijitegemee, ipikie uji ndani:

Unga wa ulezi vijiko viwili vya chakula, maziwa mililita 300, siagi ya karanga isiyo na sukari vijiko viwili vya chakula, ndizi kisukari tatu zilizoiva sana, mdalasini robo kijiko cha chai. Koroga unga kwenye maziwa kidogo ya baridi mpaka pasiwe na vidonge. Maziwa mengine yakianza kuchemka, mimina unga ule huku unakoroga. Punguza moto, pika dakika 8 hadi 10 bila kuacha mwiko. Unga usipoiva vizuri, lambalamba itakuwa na mchanga mdomoni na harufu ya unga mbichi, na hakuna ndizi ya kuificha. Uji ukipoa utaweka ngozi juu. Usiitoe, saga vyote pamoja.

Wanga ulioiva unashika maji yasitembee, kwa hiyo hizi zinang'atika hata zikitoka friza sasa hivi. Mbili zina protini gramu 7 hivi. Rangi yake si ya kuvutia, tunakiri. Ukipenda, tia kwanza kijiko cha embe lililosagwa chini ya kikombe, ligande nusu saa, ndipo ujaze uji: ikitoka ina kofia ya njano.

Ubuyu je? Nikiugandisha unatoka na chenga.
*Msomaji, Dodoma*

Haukulowekwa vya kutosha. Chukua unga mweupe wa ubuyu vijiko vitatu vya chakula. Ule mwekundu wa kumung'unya uliopikwa kwa sukari na rangi si wa kazi hii. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu mililita 300 kwa dakika 20, koroga, chuja, saga na ndizi mbili na tui mililita 100. Usiuchemshe, moto unapunguza vitamini C, na ubuyu unasifiwa kwa hiyo. Uzito wake wa asili utafanya kazi ya kulainisha.

Maji ndiyo yawe yamechemshwa kwanza, kisha yakapoa. Wengi wanadhani friza inaua vijidudu. Vya homa ya matumbo na kipindupindu vinaweza kulala kwenye barafu na kuamka tumboni. Matunda nayo yaoshwe kabla ya kumenywa, kwa sababu kisu kinabeba uchafu wa ganda hadi ndani.

Friji yangu ni ya mlango mmoja, kile kisanduku cha juu. Usiku kucha na bado zinatoka kama uji.
*Dada wa Kisumu*

Tazama mlango wa kisanduku hicho, mara nyingi pana nyota. Nyota moja maana yake ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Lambalamba zinataka nyota tatu. Ukiwa na mbili utafanikiwa kwa vikombe vidogo vya mililita 50, saa 10 hadi 12, na bila kufungua mlango kila mara. Yenye moja itakupa barafu ya maji tu. Matunda yana sukari, na sukari inashusha kiwango cha kuganda.

Kwanza lakini yeyusha theluji iliyoganda kwenye kuta. Ikifika unene wa kidole inafanya kazi ya blanketi.

Kijiti kinachomoka, barafu inabaki kikombeni.
*Wasomaji watatu, kwa maneno tofauti*

Ama kijiti kiliingia mapema kikaelea na kulala upande, ama mmekivuta kabla barafu haijaachia. Loweka vijiti vya mbao kwenye maji safi nusu saa, vikinywa maji havielei ovyo. Gandisha mchanganyiko dakika 60 hadi 90, mpaka uwe mzito kiasi kwamba kijiti kikisimamishwa kinasimama, ndipo ukizamishe hadi theluthi mbili ya kina. Za uji wa ulezi zinakishika tangu mwanzo.

Vikombe vya mtindi mlivyokula vikaoshwa vinafaa sana, kwa kuwa mdomo ni mpana kuliko kitako. Chombo chenye tumbo pana na mdomo mwembamba hakitoi kitu. Glasi msitumie: maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, glasi inapasuka, na vipande vyake havionekani ndani ya barafu. Kwa sababu hiyo hiyo acheni sentimita moja juu.

Kutoa: chovya kikombe kwenye maji ya uvuguvugu, hesabu hadi 15, zungusha kijiti kidogo kama unafungua kifuniko, kisha vuta. Maji ya moto yanaikomboa haraka lakini yanayeyusha ngozi ya nje, na mtoto anapewa kitu kinachodondoka kabla hajafika mezani. Zikishatoka, zifunge moja moja kwa karatasi ya kuokea na kuziweka kwenye chombo chenye kifuniko. Hadi mwezi zina ladha yake; baada ya hapo zinaanza kunukia samaki wa jirani yake friza.

Mdogo wangu ana miezi 9. Asali si bora kuliko sukari?
*Msomaji, Arusha*

Chini ya mwaka mmoja asali hapana, hata tone, hata iliyogandishwa. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu cha botulizimu ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzidhibiti, na baridi haiziui. Kwa wakubwa, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 linaihesabu asali pamoja na sukari ya mezani, na juisi pia. Kwa hiyo ladha ni yako kuchagua, lakini si dawa.

Mama mkwe anasema barafu asubuhi italeta mafua.
*Hakutaja alipo, tunaelewa*

Mafua yanaletwa na virusi, si na baridi ya tumboni. Ila mtoto mwenye pumu ambaye vitu vya baridi vinamletea kikohozi, mwachie mama mkwe ashinde.

Umeme ukikatika usiku nitajuaje kama ziliyeyuka zikaganda tena?
*Msomaji, Mwanza*

Gandisha kikombe cha maji mpaka kiwe barafu tupu, weka sarafu juu yake, kiache humo humo friza siku zote. Ukikuta sarafu juu, hakuna kilichoyeyuka. Ikiwa katikati, zililainika: ladha imeharibika kwa chembe kubwa, lakini kama bado zilikuwa na barafu ndani na ubaridi wa friji, zinalika. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inahifadhi baridi hadi saa 48, iliyojaa nusu saa 24, kwa hiyo mgao wa usiku mmoja si wa kutisha. Sarafu ikiwa chini kabisa ya kikombe, za maziwa, mtindi na uji zimwage zote, hata kama umbo lake linaonekana zima.