Makala ndefu nilizomsomea baba

Sukari ilipomla baba macho, aliniomba jambo moja: nimsomee. Alikuwa karani wa reli, mtu wa magazeti tangu ujana. Nikaanza na habari za kwenye simu, aya tatu tatu. Siku ya nne akanizuia. "Mwanangu, hizo zinakwisha kabla sijakaa vizuri."

Alitaka kisa chenye watu ambao angelala akiwawaza. Tangu hapo, tukishaswali isha tunakaa barazani namsomea, na kazi ya kutafuta cha kusoma imekuwa yangu. Kama nawe umezoea vipande vya simu na unatamani kurudi kwenye maandishi marefu, nakushauri upite njia tuliyopita sisi.

Anza na wasifu wa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba na lugha yake inasomeka kwa sauti kana kwamba iliandikwa kwa ajili hiyo. Binti wa Fumba, Unguja, muuza vyungu, mwaka 1928 yuko Bombay anaimba kwa Kiswahili kwenye santuri. Baba aliujua wimbo wa kejeli waliomtungia, ule wa kaniki mbili, na kila nikipumzika koo aliuimba yeye.

Kisha tafuta safari za kale. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kwao mkusanyo wa safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Humo yumo Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wa Kijerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Shuleni tulisoma Wazungu wakieleza watu wetu walivyo. Hapa mtu wa kwetu ndiye anayetazama na kueleza. Kiswahili chake ni cha zamani, kwa hiyo usikimbie. Neno likikushinda, muulize mzee kabla ya kamusi. Baba alinifumbulia mengi, na jioni hizo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya desturi za Waswahili, cha 1903, usikisome mfululizo. Chukua sura moja, ya ndoa au ya maziko, uiache ikae.

Lakini iliyotushika kuliko zote ilitoka mbali. Ni makala ya Mmarekani John Hersey kuhusu Hiroshima, mji wa Japani uliopigwa bomu la atomiki. Gazeti la The New Yorker lilikusudia kuitoa kwa sehemu nne, kisha likaamua kuipa toleo zima la tarehe 31 Agosti 1946, bila makala nyingine. Ni maneno yapatayo 30,000, kwa Kiingereza. Mchana nilikuwa naisoma peke yangu nikiweka alama kwa penseli, usiku namweleza baba kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi.

Hersey haanzi na vita wala siasa. Anaanza saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945, akituonyesha watu sita kila mmoja alikuwa anafanya nini. Karani mmoja, Binti Toshiko Sasaki, amekaa mezani pake kiwandani, ndiyo kwanza anageuka kuzungumza na msichana wa meza ya jirani. Mjane wa fundi cherehani amesimama dirishani mwa jiko anamtazama jirani. Daktari mmoja anasoma gazeti. Bomu linalipuka, na kabati la vitabu linamwangukia Binti Sasaki, likimvunja mguu.

Baba alikuwa karani. Aliposikia habari ya yule binti na meza yake, aliniambia nisimame kusoma. Tukakaa kimya kitambo, tukisikia pikipiki tu barabarani.

Kinachoifanya makala hii isomeke ni kwamba mwandishi hapazi sauti. Anasema kilichotokea na kukuacha nacho. Katika kutafuta makala ndefu sasa nakiangalia hicho kwanza: je, mwandishi ananionyesha mtu na mahali, au ananiambia tu nihuzunike? Ya namna ya pili huchosha mdomo kabla ya ukurasa wa tatu, hata kama habari yake ni kubwa. Mwezi Septemba 1946 redio ya ABC ya Marekani iliisoma makala yote hewani kwa jioni nne. Nilipomwambia baba hivyo alifurahi sana.

Ukipenda iliyo karibu nasi, iko simulizi ya Mkenya Binyavanga Wainaina iliyopata tuzo ya Caine, ya waandishi wa Afrika, mwaka 2002. Kijana anatoka Cape Town kurudi kwao Kenya, kisha anakwenda Uganda kwenye mkusanyiko wa ukoo wa mama yake. Hiyo msomee mtu aliyekaa ugenini muda mrefu.

Wiki mbili baada ya kumaliza Hiroshima, baba aliniuliza katikati ya chai: "Yule binti, mguu wake ulipona?" Nikamletea jibu, kwa sababu Hersey alirudi Japani na mwaka 1985 akaandika walikofikia wale sita. Binti Sasaki alikuja kuwa mtawa. Baba akanitaka niisome sehemu yake yote, polepole, na chai yake ikapoa.