Bei ya hina ya bibi harusi: kwa saa au kwa kazi?
Mdogo wangu, umeuliza umtoze bibi harusi kwa saa au kwa kazi nzima. Kwa hina, taja bei ya kazi. Ukihesabu saa, unapunjwa na wepesi wa mkono wako mwenyewe: ua lililokuchukua saa tatu ulipoanza, leo unalimaliza kwa saa moja na nusu, tena kwa mistari safi zaidi. Ila kwanza piga hesabu ya unga wa hina, mafuta ya mkaratusi, koni za kuchorea, nauli ya boda kwenda na kurudi, na muda wa kungoja mashangazi wamwachie bibi harusi akae. Mikono mpaka viwikoni ina bei yake, na miguu ina bei yake. Wageni watakaokunyooshea viganja "ua moja tu" walipe kila mmoja. Mwenye shughuli alijue hilo mapema. Na chukua nusu ya pesa kabla hujakoroga hina.