Kosa la Kiwandani au Sarafu Iliyoumia Tu?

Sarafu nyingi zinazouzwa kwa jina la "kosa" ziliharibikia mitaani. Kabla ya kuuliza bei, uliza alama hiyo ingetokea hatua gani. Kisahani cha madini hukatwa, huinuliwa ukingo, kisha hugongwa na mihuri miwili kikiwa ndani ya pete. Usipoipata hatua hiyo, karibu kila mara ni uharibifu.

Uwe na lenzi ya kukuza mara 10, mizani inayosoma gramu 0.01, na taa inayomulika kutoka ubavuni.

Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani yake, kwa hiyo sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo huzama, na kando yake utaona madini yaliyosukumwa.

Herufi zinazoonekana mara mbili ndizo zinazopoteza watu wengi. Ikiwa muhuri wenyewe ulichongwa picha mara mbili, nakala ya pili huinuka na kujaa kama ya kwanza, ncha za herufi hugawanyika, na kila sarafu ya muhuri huo hurudia alama hiyo hiyo. Senti maarufu ya Marekani ya 1955 ni ya aina hii; huhitaji hata lenzi kuiona. Lakini muhuri uliolegea ukateleza kidogo baada ya kugonga huacha ngazi bapa inayokula unene wa herufi. Hiyo ipo tele, na wakusanyaji hawailipii zaidi.

Pengo la mviringo ukingoni huja pale chuma cha kukatia kinapoangukia sehemu iliyokwisha kutobolewa. Tazama upande unaolielekea moja kwa moja: mara nyingi ukingo huwa hafifu, kwa kuwa wakati wa kuinuliwa ulikosa kitu cha kuukandamiza. Si kila pengo halali lina dalili hii, ila lililokatwa kwa tupa haliwezi kuwa nayo, na huacha mikwaruzo ya tupa.

Sarafu nyembamba yenye herufi zilizofifia pande zote sawasawa, kipenyo nacho kimepungua, imeliwa na asidi. Pima. Senti ya Marekani ya shaba ina gramu 3.11, ya zinki iliyopakwa shaba 2.50, na za 1982 zipo za aina zote mbili, kwa hiyo usikimbilie kutangaza kosa la uzito.

Herufi zilizozama na kugeuka kinyume zinahitaji subira. Huenda sarafu iliyokwama kwenye muhuri ndiyo iliyogonga kisahani kilichofuata. Hapo picha ya kawaida ya upande huo haipo kabisa. Ukiiona bado ipo, imebonyea chini ya herufi hizo, basi sarafu mbili zilibanwa pamoja kwenye jiliwa, kile chombo cha fundi cha kubania vitu, na huo ni uharibifu.